Kusitiri si kuficha: funzo la neno kongwe la Kiingereza

Miongoni mwa maneno yaliyochakaa katika lugha ya Kiingereza limo moja ambalo vijana wetu wa leo, hata wale wanaojivunia ubingwa wao katika lugha hiyo, wakikutana nalo kitabuni huangua kicheko. Neno lenyewe ni "hugger-mugger". Ukilitamka kwa sauti utadhani ni jina la mchezo wa watoto au tambo la mganga wa barabarani. Kumbe sivyo. Kwa muda wa karne kadhaa neno hilo lilibeba maana nzito ya jambo linalotendwa kwa kificho, mbali na macho ya watu wanaostahili kuliona.

Nia yangu si kuwasifu Waingereza kwa wingi wa maneno yao, kwani Kiswahili hakina upungufu wa kuonewa huruma. Nalijadili neno hili kwa sababu historia yake inatusaidia kupambanua jambo ambalo sisi Wakenya, watawala na watawaliwa, tumeliacha lichanganyike vichwani mwetu: tofauti baina ya siri yenye heshima na kificho chenye hila. Mchanganyiko huo umetugharimu, na ungali unatugharimu.

Tuanze na neno lenyewe. Lilijitokeza katika maandishi ya Kiingereza katika miaka ya 1520. Tahajia yake ilikuwa bado haijatulia, kwani wapo walioandika "hucker-mucker" na wapo walioandika "hudder-mudder". Wanaisimu hawajaafikiana kuhusu asili yake. Kuna wanaolinasibisha na kitenzi cha kale kilichomaanisha kulimbikiza mali na kuificha. Samuel Johnson, mtunzi mashuhuri wa kamusi iliyotoka London mwaka 1755, alibahatisha kwamba huenda limetokana na maneno ya Kidenmaki yenye maana ya kukumbatiana gizani. Wataalamu waliomfuata hawakukubaliana naye, lakini yafaa kutambua kwamba hata yule aliyebahatisha alijikuta akilipeleka neno hili gizani.

La kuvutia zaidi ni mahali ambapo neno hili lilipata umaarufu. Halikuvuma sokoni wala chumbani kwa wapenzi, bali makaburini. Mwaka 1579 Thomas North alichapisha tafsiri yake ya Kiingereza ya maisha ya watu mashuhuri wa Ugiriki na Roma yaliyoandikwa na Plutarch. Katika sura inayomhusu Brutus tunasimuliwa jinsi, baada ya Kaizari kuuawa, Antonio alivyoshikilia kwamba maiti ya kiongozi huyo izikwe kwa heshima na hadharani, wala isizikwe kwa "hugger-mugger", umma usije ukakasirika zaidi. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaijua hadithi hiyo ya Kaizari kupitia tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Julius Nyerere na kutolewa mwaka 1963.

Shakespeare aliusoma mkusanyo huo wa North na kuchota humo hadithi za tamthilia zake za Kirumi. Mnamo mwaka 1600 hivi alipoitunga tamthilia ya Hamlet, alilitumia neno hilo hilo, tena kwa jambo lile lile la mazishi. Polonius, mzee wa baraza na mshauri wa mfalme, ameuawa ndani ya jumba la kifalme. Mfalme Claudius anamzika haraka na kwa kificho, bila ya mazishi ya hadhi yake. Baadaye mfalme huyo huyo anamkiria malkia kwamba walifanya upumbavu kumzika mzee huyo kwa "hugger-mugger", kwa maana raia wameanza kunong'ona na kushuku. Mara Laertes, mwanawe marehemu, anarejea kutoka Ufaransa, anaingia jumbani na kundi la watu wenye hasira wanaotaka yeye awe mfalme, naye anauliza kwa nini babake alizikwa bila ya taratibu za heshima. Msiba wa nyumba moja unakuwa fujo ya nchi nzima.

Neno hili nusura lifutwe katika tamthilia hiyo. Mwaka 1725 mshairi Alexander Pope alipohariri kazi za Shakespeare aliliona neno hilo kuwa la kihuni, lisilofaa kutoka kinywani mwa mfalme, akaliondoa na mahali pake akaweka maneno ya staha yenye maana ya "faraghani". Wahariri waliomfuata wakamwiga. Ni Samuel Johnson, katika toleo lake la mwaka 1765, aliyelirudisha. Hakudai kwamba neno la kale lilikuwa zuri kuliko lile jipya. Hoja yake ilikuwa kwamba ndilo la Shakespeare, na kwamba tukianza kubadilisha maneno ya watu kila yanapochakaa tutaipoteza historia ya lugha, na mwishowe tutapoteza hata maana iliyokusudiwa.

Mimi naongeza kwamba maana ilikwisha kupotea tangu siku ile Pope aliposhika kalamu. Kusema kwamba mtu alizikwa faraghani si sawa na kusema alizikwa kwa "hugger-mugger". Jamaa wakitaka kumzika mpenzi wao faraghani, wao na wachache wa karibu tu, hiyo ni haki yao na hapana anayedhulumiwa. Polonius hakuzikwa faraghani na jamaa zake. Alifukiwa na aliyeogopa kuulizwa alikufa vipi.

Sharti niseme pia jinsi maana ya neno hili ilivyobadilika. Kadiri miaka ilivyopita, "hugger-mugger" liliacha pole pole kumaanisha kificho, likaanza kumaanisha vurugu. Mwingereza wa leo akilitumia, ambavyo ni nadra, mara nyingi hukusudia mchafukoge wa vitu vilivyotupwa hapa na pale. Mabadiliko haya yana sababu ya kiisimu. Kiingereza kina kundi la maneno ya uradidi yanayoanza kwa sauti ya h na kufuatwa na kipande cha kufanana nacho, kama vile "helter-skelter" na "higgledy-piggledy", na mengi yao yana maana ya fujo. Neno letu lilifanana nayo kwa sauti, likavutwa pia kwa maana. Sisi tunalo neno lenye umbo la aina hiyo hiyo, nalo ni shaghalabaghala, ambalo kila Mswahili analijua bila kufundishwa.

Lakini sauti peke yake isingetosha kulihamisha neno kutoka maana moja hadi nyingine lau maana hizo mbili zingekuwa hazina ujirani. Ujirani huo upo. Lifanywalo kwa kificho hufanywa kwa haraka na bila ya kumbukumbu. Likifanywa bila ya kumbukumbu haliwezi kusahihishwa, na lisipoweza kusahihishwa huzaa ghasia. Wasemaji wa Kiingereza hawakukaa kikao wakalipitisha hilo kama azimio. Walilitumia tu neno lao kizazi baada ya kizazi, na lugha ikawasomea hukumu. Wahenga wetu nao wametuachia ukweli huo huo kwa njia nyingine: la kuvunda halina ubani.

Sasa tujiulize. Iwapo mwanafunzi wa somo la tafsiri angepewa neno hili alilete kwa Kiswahili, angelitia wapi? Wengi wangeandika "kwa siri" na kuweka kalamu chini. Jibu hilo halitoshi, kwani Kiswahili kimeupanga uwanja huu kwa uangalifu kuliko tunavyokumbuka.

Siri, kwanza, si neno baya. Mtu unayemwamini kwa moyo wote tunamwita msiri wako, na kuitwa hivyo ni heshima. Siri ya namna hii ni amana: mtu amekupa chake umtunzie, nawe ukikitoa bila ya idhini yake umehini. Faragha nayo ni nafasi ambayo kila binadamu anastahili kuwa nayo ili afanye mambo yake bila ya kukodolewa macho. Na juu ya hayo kuna stara. Kusitiri ni kumfunika mtu kwa ajili ya heshima yake. Nguo humsitiri aliye uchi na nyumba huisitiri jamaa. Mswahili wa pwani husema pia kwamba maiti amesitiriwa, akimaanisha kwamba amekwisha kuzikwa. Hebu tuizingatie lugha hiyo. Kwa Waswahili kuzika ni tendo la mwisho la stara ambalo walio hai humtendea aliyefariki.

Kwa upande wa pili yapo maneno mengine kabisa. Kuna kificho, kuna njama, kuna kufanya mambo kinyemela, kimyakimya na chinichini. Hakuna mtu anayesifiwa kwa kutenda jambo kinyemela. Anayenyemelea ni paka jikoni au mwizi bomani. Na katika jambo la mazishi lugha yetu imeweka mpaka ulio wazi kabisa: binadamu huzikwa, mzoga hufukiwa. Vitendo hivyo viwili vinaweza kufanana kwa jembe, kwa shimo na kwa udongo. Kinachovitenganisha ni kuwapo kwa watu wenye haki ya kuwapo. Ningeulizwa basi nitafsiri maneno ya Claudius, nisingesema kwamba Polonius alizikwa kwa siri. Ningesema alifukiwa kinyemela, na Mswahili yeyote angeelewa mara moja kwa nini mwanawe alighadhibika.

Kutokana na hayo naweza kupendekeza kipimo kimoja. Kila tunapoambiwa kwamba jambo fulani ni siri, tuulize: kufunikwa kwake kunamkinga nani? Kukiwa kunamkinga yule aliyefunikwa, au mnyonge anayeweza kudhuriwa, hiyo ni stara. Kukiwa kunamkinga yule anayefunika asiulizwe alichotenda, hicho ni kificho, hata kikivalishwa suti na kupigwa muhuri.

Kipimo hiki si cha nadharia tupu. Wakenya waliokuwa watu wazima mwaka 1988 wanaikumbuka kura ya mlolongo katika uteuzi wa chama cha KANU, ambapo wapiga kura walipangwa foleni nyuma ya wagombea wao, chifu na wakubwa wengine wakiwatazama. Utaratibu huo ulisifiwa ati ni wa wazi. Kumbe uwazi wenyewe ulimwanika mnyonge mbele ya mwenye nguvu, ilhali idadi za foleni zilitangazwa kwa namna iliyowashangaza hata waliokuwa wamesimama humo. Kura ya siri tuliyoitumia mwaka 1992 ilimpa mpiga kura stara. Lakini kuhesabu kura ni jambo jingine. Huko hakutakiwi siri hata chembe, na ndiyo maana ilikuwa hatua kubwa Agosti 2022 tume ya uchaguzi ilipoziweka wazi fomu za matokeo kutoka vituo zaidi ya 46,000, kila mwenye simu aweze kujijumlishia. Kumsitiri mpiga kura na kuficha hesabu ni mambo mawili yanayopingana kama usiku na mchana, ingawa yote mawili tumezoea kuyaita siri.

Kutoka hapo nalazimika kurudi makaburini, kwani ndiko neno hili linakotuongoza, na ndiko liliko deni letu kubwa.

Mnamo tarehe 18 Februari 1957 serikali ya kikoloni ilimnyonga Dedan Kimathi katika gereza la Kamiti. Alikuwa mmoja kati ya watu zaidi ya 1,000 walionyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau. Mwili wake haukukabidhiwa jamaa zake. Uliwekwa ardhini mle mle gerezani, pasipo alama wala matanga. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliomba kwa miaka mingi aonyeshwe mahali alipolazwa mumewe ili apate kumzika. Alizisihi serikali zetu moja baada ya nyingine. Mwaka 2007 lilizinduliwa sanamu la Kimathi katika barabara yenye jina lake jijini Nairobi, na mwaka 2015 mnara wa ukumbusho wa waathiriwa wa mateso ya kikoloni ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru Park. Mukami alifariki Mei 2023, akazikwa Njabini huku taifa zima likitazama. Mumewe alikuwa bado hajazikwa. Alikuwa amefukiwa tu.

Waingereza walikuwa na neno lao kwa tendo hilo, na mshairi wao mkubwa kuliko wote alikuwa amewaonya miaka 350 kabla kwamba ni upumbavu. Hawakusikia. Badala yake kificho kilikuwa ndio utaratibu wa kazi. Mnamo Juni 1957, miezi michache tu baada ya Kimathi kunyongwa, Mwanasheria Mkuu wa koloni la Kenya, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring kuhusu kupigwa kwa wafungwa kambini, akamshauri kwamba ikiwa ni lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya. Nani atahitaji kamusi ili kuelewa maana ya "hugger-mugger" baada ya kusoma hayo?

Uhuru ulipokaribia, kificho kiligeuzwa kuwa mradi wa himaya nzima. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali mpya zisiachiwe karatasi zozote zinazoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza. Hapa Kenya faili zilizoonwa kuwa nyeti zilishikwa na maofisa wenye asili ya Kizungu peke yao. Nyingine zilichomwa, na maagizo yakatolewa kwamba hata majivu yapondwepondwe. Iliruhusiwa pia zitiwe katika makasha yenye uzito na kutoswa baharini kwenye kina kirefu. Zilizosalia zilisafirishwa hadi Uingereza, zikawekwa Hanslope Park, katika jimbo la Buckinghamshire, nazo zikakaa huko kwa takribani nusu karne.

Zilijulikana rasmi mwaka 2011, wakati wazee wa Mau Mau walipokuwa wameishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London. Ndipo ikabainika kwamba palikuwa na faili zipatazo 1,500 kuhusu Kenya, miongoni mwa faili zipatazo 8,800 kutoka makoloni 37. Mnamo tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba ingelipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya Wakenya 5,228. Wengi wa wenzao walikuwa wamekwisha kufariki bila ya kuona hata senti.

Na hapa maana ya pili ya neno letu inajitokeza kama ilivyojitokeza katika kasri la Claudius. Kificho kimezaa shaghalabaghala. Hadi leo wanahistoria wanabishana kuhusu idadi ya waliokufa wakati wa hali ya hatari, na hitilafu baina yao si ya watu wawili watatu bali ya makumi ya maelfu. Jamaa wanabishana kuhusu nani alipigana na nani alikuwa homugadi. Wenye haki ya ardhi na wasio na haki wanaonyeshana hati za mashaka. Karatasi ambazo zingeamua baadhi ya mizozo hiyo zilikuwa jivu tangu zamani.

Ingekuwa rahisi kukomea hapo na kuwatupia wakoloni lawama zote. Uaminifu hauniruhusu. Ukweli ni kwamba tulirithi ofisi zao pamoja na desturi zao. Mwaka 1968, miaka mitano tu baada ya bendera yetu kupandishwa, tulijitungia Sheria ya Siri za Serikali, na kwa miongo mingi iliyofuata karani aliyetoa karatasi moja ya ukweli aliogopa zaidi kuliko mkubwa aliyetia mfukoni mamilioni. Kashfa ya Goldenberg katika miaka ya 1990 na ile ya Anglo Leasing iliyofichuka mwaka 2004 zilistawi kwa sababu mikataba na malipo yalifunikwa kwa neno lile lile tunalolitukuza: siri. Waliozifunika walijua kwamba Mkenya amelelewa kuiheshimu siri. Wakaitumia adabu yetu kama blanketi lao.

Katiba tuliyoizindua tarehe 27 Agosti 2010 ilikusudia kulivua blanketi hilo. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 iliyotungwa ili kukitekeleza inamtaka ofisa ajibu ombi la raia katika muda wa siku 21, na katika muda wa saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu umo hatarini. Ni sheria nzuri. Lakini sheria nzuri hugonga mwamba pale ambapo mazoea hayajabadilika. Mikataba ya mkopo wa reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi ilitiwa saini mwaka 2014, nasi tulio walipaji wake hatukuruhusiwa kuiona. Ilibidi wananchi waende mahakamani mjini Mombasa, na baada ya hukumu iliyowapa haki mwezi Mei 2022 tukaonyeshwa sehemu ya mikataba hiyo mwezi Novemba mwaka huo. Hebu tuipime kwa kipimo chetu. Siri hiyo ilimsitiri nani? Si mkulima wa Makueni, si mama wa sokoni Kongowea, si mtoto atakayezaliwa na deni mgongoni.

Najua watakuwapo watakaosema kwamba hakuna dola duniani inayoanika kila kitu. Ni kweli, wala sijasema vinginevyo. Mipango ya jeshi vitani, majina ya mashahidi walio hatarini, rekodi za wagonjwa hospitalini, karatasi za mitihani kabla ya siku yake, yote hayo yanastahili kufunikwa. Hata sheria ya mwaka 2016 inayatambua mambo ya usalama na ya faragha. Lakini tazama kila mfano niliotaja: panapofunikwa pana mtu anayekingwa, askari, shahidi, mgonjwa, mwanafunzi mwaminifu. Tena nyingi ya siri hizo zina mwisho. Vita vikiisha mipango inaweza kusomwa, na mtihani ukiisha karatasi inauzwa madukani. Kificho hakina mwisho, kwa kuwa aliyekiweka anatamani kife pamoja na wanaouliza. Mukami Kimathi aliuliza hadi akafa. Je, usalama wa nani ungetetereka kama angeonyeshwa kaburi?

Kenya ni nchi inayoyathamini mazishi kuliko nchi nyingi. Tulishuhudia mwili wa wakili S. M. Otieno ukikaa bila ya kuzikwa kutoka Desemba 1986 hadi Mei 1987 huku mjane wake na ukoo wake wakishindana mahakamani kuhusu mahali pa kuulaza. Taifa lilifuatilia kila siku. Kila upande ulidai haki ya kuzika, na hakuna aliyependekeza kwamba marehemu afukiwe usiku ili ugomvi uishe. Watu wenye utamaduni wa namna hiyo wanawezaje kustahimili kwamba walionyongwa kwa ajili ya uhuru wao wamelala ndani ya ua wa gereza bila ya majina?

Kwa hiyo nina mambo mawili ya kuomba. Ombi la kwanza ni kwa wenzangu wa kalamu: waandishi wa habari, watafsiri, walimu na watangazaji. Tusilipe kila lililofichwa heshima ya kuitwa siri. Mkutano wa viongozi wa kugawana ardhi ya umma usiitwe mkutano wa faragha, uitwe njama. Zabuni iliyotolewa bila ya kutangazwa isiitwe ya siri. Iitwe ya kinyemela. Samuel Johnson alilirudisha neno la kale mahali pake kwa sababu alijua kwamba neno lililolainishwa hulainisha pia hukumu ya msomaji. Sisi tunayo maneno makali yaliyo hai vinywani mwa watu. Kuyaacha kwa ajili ya adabu ni kuwasaidia wale wasiostahili adabu hiyo.

Ombi la pili ni kwa serikali. Rekodi za Kamiti za miaka ya 1950, zile zilizoponea moto, zifunguliwe zote. Serikali ya Uingereza nayo iulizwe rasmi, kwa maandishi yatakayochapishwa, ni wapi walilazwa Kimathi na wenzake zaidi ya 1,000. Wataalamu wapimao mifupa na chembechembe za nasaba wapo. Kazi yao si miujiza tena. Na likipatikana jibu, hata likiwa la kusikitisha, litangazwe mchana. Jamaa za watu hao wamesubiri tangu kabla ya nchi hii kuwa nchi. Wanachokidai ni kile ambacho Mswahili humtendea hata mgeni aliyefia njiani asiyejulikana jina: kusitiriwa.